Thomas Barlow Walker: Tajiri wa Mbao Aliyefungua Mlango wa Nyumba Yake



Ndugu wasomaji, katika Kibiti na delta ya Rufiji hakuna haja ya kumweleza mtu thamani ya mti. Mkandaa na msinzi vimejenga nyumba zetu, mninga na mkongo vimetupa milango na vitanda, na watoto wengi wamelipiwa ada kwa fedha ya boriti. Tunajua pia upande wa pili. Tunajua vichaka vilivyobaki visiki, na tunawajua watu waliotajirika kwa miti ya vijiji ambavyo hadi leo havina zahanati.

Kwa sababu hiyo tumechagua kusimulia maisha ya mtu aliyeishi mbali nasi sana, lakini ambaye maswali yake ni yetu. Ni Thomas Barlow Walker, Mmarekani aliyefanya biashara ya mbao kwa zaidi ya miaka 50, akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa nchi yake, akakusanya kazi za sanaa, kisha akawaacha watu wote waingie kuzitazama bila kulipa. Hakuwa Mkatoliki, alikuwa Mmethodisti, na hatumwandiki kama mtakatifu. Tunamwandika kwa sababu maisha yake yanatulazimisha kuuliza jambo moja zito: je, sadaka inaweza kufuta swali la mali ilikotoka?

Mtoto wa mjane

Walker alizaliwa tarehe 1 Februari 1840 katika mji wa Xenia, jimbo la Ohio. Alipokuwa na miaka tisa, baba yake alifunga safari ya kwenda California, ambako dhahabu ilikuwa imegunduliwa na maelfu ya watu walikuwa wakiikimbilia. Baba huyo hakufika. Alikufa kwa kipindupindu njiani mwaka 1849, na mali aliyokuwa ameiweka katika safari ile ikapotea pamoja naye. Mama akabaki na watoto wadogo.

Baadaye familia ilihamia Berea, mji mwingine wa Ohio, ambako Wamethodisti walikuwa na chuo. Kijana Thomas alisoma kwa vipande: msimu mmoja darasani, msimu mwingine kazini. Alipenda hesabu. Ili kupata ada alisafiri huku na huku akiuza mawe ya kunolea yaliyochongwa kutoka katika machimbo ya Berea. Mwenye biashara ile aliitwa Fletcher Hulet, na binti yake, Harriet, alikuwa mwanafunzi mwenzake Thomas. Vijana hao wawili wakachumbiana, wakangoja miaka kadhaa kabla ya kuoana, kwa kuwa bwana harusi hakuwa na kitu.

Mwaka 1862 mawe ya kunolea yalimfikisha Minnesota, kaskazini kabisa mwa Marekani. Katika bandari ya mto ya St. Paul alikutana na karani kijana aliyekuwa akihesabu mizigo, jina lake James J. Hill. Wasomaji wa gazeti la seminari wana sababu ya kulikumbuka jina hilo. Hill naye alikuja kuwa tajiri mkubwa, wa reli, na ingawa hakuwa Mkatoliki, mke wake Mary alikuwa muumini hodari wa Kanisa. Hill ndiye aliyetoa fedha za kujenga Seminari ya Mtakatifu Paulo katika mji huo, iliyofunguliwa mwaka 1894. Maskini wawili walikutana juu ya mzigo wa mawe, na baadaye kila mmoja akaliacha jina lake katika nchi ile.

Mnyororo wa mpimaji

Walker alifika Minneapolis, ng'ambo ya St. Paul, wakati mji huo ukiwa mdogo. Ulikuwa umekaa kando ya maporomoko ya mto Mississippi ambayo mwaka 1680 Padre Louis Hennepin, mtawa wa familia ya Mtakatifu Fransisko, aliyaita kwa jina la Mtakatifu Antoni wa Padua. Nguvu ya maji yale ndiyo iliyozungusha misumeno ya viwanda vya mbao. Walker hakuanza na msumeno. Alipata kazi katika kundi la wapimaji ardhi wa serikali, akaingia msituni na mnyororo wa kupimia na dira.

Mwaka huohuo, mwezi Agosti, vita vilizuka kati ya Wadakota, wenyeji wa nchi ile, na serikali ya Marekani. Wadakota walikuwa wameachia ardhi yao kubwa kwa mikataba, na malipo waliyoahidiwa yalichelewa huku watu wao wakishinda njaa. Vita vilipokwisha, tarehe 26 Desemba 1862, wanaume 38 wa Kidakota walinyongwa kwa siku moja katika mji wa Mankato. Tunaomba msomaji aishike habari hii, maana tutaikuta tena mwishoni.

Thomas na Harriet walifunga ndoa mwezi Desemba mwaka 1863. Kwa miaka iliyofuata bwana aliendelea kupima ardhi, wakati mwingine kwa ajili ya njia za reli, na kwa miezi mingi alikaa porini mbali na nyumbani. Huko alikuwa akijifunza kitu ambacho hakuna aliyemlipa akijifunze. Alikuwa akiitazama misonobari. Alijua ni bonde gani lina miti minene, ni kijito gani kinaweza kubeba magogo wakati wa masika, na ni eneo gani ni kinamasi kisichofaa. Serikali ilikuwa ikiuza ardhi ya umma kwa mnada, na bei ya chini ya kisheria ilikuwa dola moja na robo kwa ekari. Matajiri wa mjini walikuwa na fedha, lakini hawakuujua msitu. Walker aliujua msitu, lakini hakuwa na fedha. Karibu mwaka 1867 wakaungana: wao walitoa mtaji, naye akatoa ujuzi, na faida wakagawana.

Hapo ndipo tunapoona chanzo cha utajiri wake. Hakuiba wala hakupokea urithi. Lakini maarifa aliyoyapata akiwa katika kazi ya kupima ndiyo yaliyomweka mbele ya watu wengine wote sokoni. Sheria ya wakati ule haikuona tatizo. Dhamiri inaweza kuuliza zaidi ya sheria, na tutarudi kwenye swali hilo.

Kazi ya magogo

Ni vizuri tueleze jinsi kazi ile ilivyofanyika, kwa kuwa wasomaji wetu wa Rufiji wataielewa upesi kuliko wengine. Miti ilikatwa wakati wa baridi kali. Wakataji walikaa kambini miezi mitatu minne bila kurudi nyumbani. Njia za msituni zilimwagiwa maji usiku, yakaganda kuwa barafu, na farasi wakavuta juu yake mikokoteni isiyo na magurudumu ikiwa imebeba magogo mengi sana. Magogo yalirundikwa kando ya mto. Barafu ilipoyeyuka na mto kujaa, yakasukumwa majini na kuelea hadi viwandani.

Kwa kuwa magogo ya makampuni mengi yalisafiri katika mto mmoja, kila gogo lilipigwa nyundo yenye alama ya mwenyewe, na alama hizo ziliandikishwa serikalini. Kwetu nasi nyundo ya maofisa wa misitu hugongwa kwenye gogo ili kuonyesha kwamba limelipiwa. Tofauti ni ndogo: kwao nyundo ilisema gogo ni la nani, kwetu inasema gogo ni halali. Katika nchi zote mbili watu wamejifunza kwamba mti ukishalala chini hausemi ulikotoka, mpaka mtu auandike.

Mwishoni mwa karne ya 19 Minneapolis ulikuwa miongoni mwa masoko makubwa kabisa ya mbao duniani. Walker aliunda kampuni baada ya kampuni, na iliyojulikana zaidi ni Red River Lumber Company, ya familia yake, iliyoanza katika miaka ya 1880. Ilikuwa na viwanda kaskazini mwa Minnesota. Kijiji kimoja kando ya ziwa Leech kilijiita Walker, watu wakitumaini kwamba tajiri atajenga kiwanda pale. Akakijenga mahali pengine, Akeley. Husimuliwa kwamba Bibi Harriet, aliyekuwa mpinzani mkubwa wa pombe, hakupendezwa na vilabu vya pombe vya mji ule uliobeba jina la mumewe.

Misonobari ya Minnesota ilipoanza kuisha, Walker hakungoja. Tangu miaka ya 1890 alinunua misitu California, ekari mamia ya maelfu, na mwaka 1913 kampuni ikajenga huko mji mzima wa wafanyakazi ulioitwa Westwood. Nyumba zilikuwa za kampuni, duka lilikuwa la kampuni, na kazi ilikuwa ya kampuni. Mwaka 1914, ili kutangaza mbao zake, kampuni ilichapisha kijitabu chenye hadithi za jitu la msituni, Paul Bunyan, lililokata miti kwa pigo moja. Wamarekani wengi wamelijua jitu hilo tangu utotoni bila kujua kwamba lilienezwa na tangazo la biashara ya mbao.

Chumba cha picha

Mwaka 1874 familia ya Walker ilikuwa ikikaa katika nyumba kubwa kwenye mtaa wa Hennepin, ule unaobeba jina la padre tuliyemtaja. Walker alianza kununua picha ili kupamba kuta. Kisha kuta zikajaa. Mwaka 1879 akaongeza chumba maalumu kwa ajili ya picha, na akafanya jambo ambalo matajiri wa mji ule hawakulizoea: akaruhusu watu waingie. Hapakuwa na kiingilio. Mfanyakazi wa kiwandani, mwanafunzi, mama mwenye mtoto, wote wangeweza kupita mlangoni na kutazama.

Chumba kimoja kikawa viwili, viwili vikawa vingi, hata nyumba ya kuishi ikawa kama kiambatanisho cha nyumba ya picha. Hakukusanya picha za Ulaya tu. Alinunua vyombo vya udongo vya Uajemi, kioo cha kale, na vitu vilivyochongwa kwa jiwe la jedi kutoka China, jiwe la kijani ambalo Wachina wamelithamini kwa karne nyingi. Hakuwa amesoma sanaa. Alinunua kama alivyonunua msitu, kwa jicho lake na kwa wingi. Wakati mwingine jicho lilimdanganya: baadhi ya picha alizouziwa kwa majina ya mabingwa wakubwa wa Ulaya, wataalamu wa baadaye walisema si zao.

Jambo hilo tusilicheke upesi. Mtu aliyeweza kusimama msituni na kukadiria mbao zitakazotoka katika mti uliosimama alipotezwa na saini iliyo chini ya picha. Ujuzi wa kitu kimoja si ujuzi wa kila kitu. Sokrate alizunguka Athene akiwaonyesha mafundi wa mji wake jambo hilohilo, na hawakumshukuru.

Wakati huohuo Walker alipigania maktaba. Minneapolis ulikuwa na maktaba ya wenye hisa, ambayo maskini hakuweza kuitumia. Alishikilia kwamba vitabu viwe vya mji mzima. Mwaka 1885 akawa rais wa bodi ya maktaba ya umma, jengo likafunguliwa mwaka 1889, naye akashika nafasi hiyo hadi kufa kwake, miaka 43. Baadhi ya picha zake zilitundikwa humo ili msomaji azione akienda kuchukua kitabu.

Bibi Harriet naye hakukaa nyuma ya mume. Mwaka 1882 alishiriki kuanzisha hospitali ya wanawake na watoto, akaiongoza kwa miaka mingi. Alifanya kazi pia katika nyumba iliyowapokea wasichana waliopata mimba nje ya ndoa, ambao jamii ya siku zile iliwafungia mlango. Walizaa watoto wanane na kuwazika baadhi yao wakiwa bado vijana. Harriet alifariki mwaka 1917.

Mzee Walker alitaka kuukabidhi mji mkusanyo wake wote pamoja na kiwanja, lakini mazungumzo hayakufika mwisho. Akaamua kujenga mwenyewe. Mwaka 1927, akiwa na miaka 87, alifungua jumba la sanaa katika kilima cha Lowry. Mwaka uliofuata, tarehe 28 Julai 1928, akafariki dunia.

Baada yake

Kampuni haikudumu. Madeni na mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 viliielemea, na mwaka 1944 mji wa Westwood ukauzwa. Jumba la sanaa ndilo lililobaki. Mwaka 1940 lilipewa jina la Walker Art Center na kugeukia sanaa ya kisasa. Vitu vingi alivyovinunua mzee viliuzwa ili kupata fedha za kununua kazi mpya. Kwa hiyo anayeingia leo haoni sana vitu vya Walker. Anaona mlango wa Walker, na picha za watu wengine.

Karibu nasi, hapa Afrika Mashariki, tunaye mtu wa kulinganisha naye upande wa sanaa. Joseph Murumbi, aliyezaliwa Kenya mwaka 1911 kwa baba Mgoa na mama Mmasai, akawa Makamu wa Rais mwaka 1966, kisha akaiacha siasa na kujitoa kwa vitabu na kazi za mikono za Waafrika. Alifariki mwaka 1990, na sehemu ya alichokusanya hutazamwa katika jengo la kumbukumbu za taifa mjini Nairobi. Murumbi alikusanya vitu vya watu wake vilivyokuwa vikichukuliwa kwenda ng'ambo. Walker alileta vya ng'ambo kwa watu wake. Wote wawili waliona kwamba mwananchi wa kawaida ana haki ya kusimama mbele ya kitu kizuri.

Mti ulikuwa wa nani?

Sasa turudi kwenye swali letu. Misitu ya kaskazini mwa Minnesota haikuwa mapori yasiyo na wenyewe. Ilikuwa nchi ya Waojibwe. Kwa mikataba ya karne ya 19, na hasa kwa sheria ya mwaka 1889, sehemu kubwa ya ardhi waliyobakiziwa ilifunguliwa kwa walowezi na wafanyabiashara wa mbao. Mwezi Oktoba 1898, kando ya ziwa Leech, Waojibwe walipigana na wanajeshi. Moja ya malalamiko yao ilikuwa jinsi miti yao ilivyochukuliwa kwa hila na kwa bei isiyo ya haki. Wanajeshi wale walipitia katika mji wa Walker. Hatusemi kwamba Thomas Walker ndiye aliyefanya hila hizo. Tunasema kwamba biashara iliyomtajirisha ilisimama juu ya nchi iliyopatikana namna hiyo, na kwamba jina lake liliandikwa mlangoni pake.

Tena, matawi na vilele vilivyoachwa baada ya kukata vilikauka na kuwa kuni. Tarehe 1 Septemba 1894 moto ulianzia katika mabaki ya namna hiyo na kuuteketeza mji wa Hinckley. Watu zaidi ya 400 walikufa kwa saa chache. Msitu huo haukuwa wa mtu mmoja, na kosa lake halikuwa la mtu mmoja. Lilikuwa desturi ya kazi.

Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba mtu anaweza kuwa na mali yake ya kuitunza na kuisimamia, lakini katika kuitumia anapaswa kuihesabu kama ya wote, awe tayari kuwagawia wahitaji. Kwa kipimo cha matumizi, Walker anasimama vizuri. Picha zilikuwa zake, na macho yaliyozifaidi yalikuwa ya wote. Aristotle angemtambua kuwa na fadhila ile ya mwenye nacho anayetumia fedha nyingi kwa jambo kubwa linalofaa mji, bila kubana na bila kujionyesha ovyo.

Lakini fadhila haikai peke yake. Haki hutangulia. Papa Leo XIII alipoandika Rerum Novarum mwaka 1891, wakati Walker akiwa katika kilele cha biashara yake, alifundisha kwamba mwenye mali ana wajibu wa haki kwa mfanyakazi kabla hatujazungumza juu ya sadaka. Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, aliunganisha kilio cha dunia na kilio cha maskini, kwa sababu anayeumia msitu unapoisha ni yule anayeishi ndani yake. Na Injili ya Luka inatupa Zakayo. Alipompokea Bwana nyumbani mwake, Zakayo alifanya mambo mawili, si moja. Aliahidi nusu ya mali kwa maskini, na aliahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Sadaka na malipo vilikwenda pamoja. Walker alifanya la kwanza kwa ukarimu mkubwa. La pili lilingoja sana.

Lilingoja hadi mwaka 2017. Mwaka huo, katika bustani ya sanamu iliyo karibu na jumba la Walker, palisimamishwa kazi ya msanii Sam Durant, jukwaa kubwa la mbao lililokumbusha majukwaa ya kunyongea watu katika historia ya Marekani, likiwemo lile la Mankato. Wadakota hawakuwa wameulizwa. Kwao haikuwa sanaa, ilikuwa kaburi la babu zao lililogeuzwa mahali pa kutembelea. Wakasimama penye uzio wakalia. Wakuu wa jumba wakakaa na wazee wa Kidakota, msanii mwenyewe akakubali, na jukwaa likabomolewa. Baadaye jumba likamwagiza msanii wa Kidakota, Angela Two Stars, atengeneze kazi kwa ajili ya bustani hiyo. Ilifunguliwa mwaka 2021, na inahusu lugha ya watu wake.

Miaka 89 baada ya kifo cha mfanyabiashara wa mbao, mbao zilirudi mlangoni pake na kuuliza. Na tukiri kwamba ziliweza kuuliza kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Kama picha zingebaki katika nyumba iliyofungwa, ya wajukuu na mawakili, Wadakota wasingekuwa na mahali pa kusimama na kusikika. Hapo tunaona nguvu ya jambo jema, hata likiwa nusu: laweza kuwa nafasi ya nusu nyingine kuja.

Mafunzo kwetu

Delta ya Rufiji ina msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko katika Afrika Mashariki, zaidi ya hekta 50,000. Kwa karne nyingi boriti zake zilipakiwa kwenye majahazi kwenda Unguja, Omani na Ghuba. Katika nyumba za kale za huko, upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti, kwa hiyo twaweza kusema kwamba mikoko yetu ndiyo iliyowapimia vyumba vyao. Nyumba hizo leo hutembelewa na watalii kwa uzuri wake. Wakataji wa Salale na Mbuchi, waliozama matopeni hadi kiunoni, hawana jina humo.

Kwanza, tujifunze kuuliza mali ilikotoka kabla ya kuisifu inakokwenda. Mfadhili anapoleta mabati ya kigango, tumshukuru. Lakini kama fedha ni ya magogo yaliyopita usiku bila kibali, au ya mkataji aliyelipwa nusu ya alichoahidiwa, mabati hayo hayajalipiwa. Swali hilo tuliulize kwa upole, na kwanza kabisa tujiulize sisi, ambao kesho tutashika hesabu za parokia.

Pili, tusidhani kwamba uzuri ni wa matajiri. Walker aliamini kwamba mtu aliyetoka kiwandani na vumbi la mbao nguoni anahitaji picha kama anavyohitaji mkate. Sisi nasi tuna mafundi wanaochonga milango, majahazi na mimbari. Kanisa la kigangoni likipata msalaba uliochongwa vizuri na fundi wa hapohapo, awe Mkristo au jirani yetu Mwislamu, akalipwa haki yake, hilo ni jumba la sanaa lisilo na kiingilio.

Tatu, kinachodumu ni kile tunachokiachia. Kampuni ya Walker imekwisha, misonobari imekatwa, hata picha zake nyingi zimeuzwa. Kilichobaki ni mlango alioufungua, na madai ya wale ambao hawakuulizwa. Yeyote anayekata mti leo Kibiti anaacha vyote viwili: kitu atakachojenga, na kisiki. Mwenyezi Mungu atujalie kujenga kwa haki, na kupanda tena pale tulipokata. Amina.